Kinasa Kisichoganda

Subilaga Mwakatobe alichomoa waya ukutani, akahesabu mpaka ishirini, akauchomeka tena. Kwenye rafu mbele yake vinasa kumi na vinne vilikuwa katikati ya kurekodi taarifa ya habari. Sita viliamka vikaendelea pale vilipoachia. Vitano viliamka vikiwa vimesahau kabisa kwamba vilikuwa kazini. Viwili vilipoteza kila kitu vilichonasa tangu Jumatatu. Cha kumi na nne, chenye kasha la bluu na jina Tunza, kilifanya kama miaka yote: alipoirudisha taarifa nyuma, hata zile sekunde ishirini zisizo na umeme zilikuwamo, msomaji akisoma bila kigugumizi.

"Betri yao ni kiboko," alisema Ipyana, fundi wa maabara, akiweka alama kwenye fomu. "Tano tena."

"Tano," Subilaga aliitikia.

Ilikuwa wiki ya vipimo. Kila kinasa, yaani king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi, kilipaswa kupita Nyumba ya Vipimo jijini Mbeya kabla ya kuuzwa nyanda za juu. Walipima picha na sauti. Walipima kama kinaweza kunasa stesheni mbili huku unatazama ya tatu. Waliwaita bibi na babu kumi na wawili, wakawapa rimoti, wakashika saa kuona nani ataupata mchezo wake wa jana kabla ya kukata tamaa. Mwishoni alama zilijumlishwa, stika ya nyota ikabandikwa, na chini ya stika jina la mpimaji mkuu. Kwa miaka sita jina hilo lilikuwa la Subilaga. Watu waliliamini. Kinasa kilichopata chini ya nyota mbili kilizimwa kwa amri, kiwe dukani au sebuleni, ndani ya siku saba.

Saa nne na nusu mlinzi alimleta mwanamke wa makamo, viatu vyake vina matope mekundu mpaka kwenye kifundo. Alibeba kitu kilichofungwa kwa kitenge.

"Karibu mama," Subilaga alisema. "Malalamiko yanapokelewa dirisha la mbele."

"Nimetoka huko. Nimewaambia namtaka mwenye jina." Alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na Tunza ya bluu. "Naitwa Atuganile Mwaisumo. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya Itebwe, kule juu kwenye ukungu."

"Kimeharibika nini?"

"Hakijaharibika. Ndiyo shida yenyewe."

Alikiunganisha mwenyewe na runinga ya mezani, kwa mikono iliyozoea. Akatokea daktari mwenye miwani, akifundisha wauguzi wa vijijini kutumia dawa mpya ya degedege. Picha ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. "Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja," alisema daktari, akiinua chupa, "matone kumi na manne."

Atuganile alisimamisha picha. Akatoa karatasi yenye muhuri wa kituo cha matangazo, maandishi ya somo lile lile kama lilivyorushwa. Subilaga alisoma: matone manne.

"Siku ile wingu lilikuwa limelala juu ya mabati," alisema muuguzi. "Nilirekodi. Mtoto aliletwa siku ya tatu yake, Ambakisye, miezi saba, anatetemeka. Nilirudia somo mara tatu kabla sijashika chupa, maana faida ya kinasa si hiyo? Nikampa kumi na manne. Alilala siku mbili. Sasa yuko wodini hapa mjini na hawezi kushika kichwa chake. Mimi nimesimamishwa. Wanasema nilisikia vibaya."

Ipyana alikuwa ameacha kuandika.

"Mama, pole sana," alisema Subilaga. "Tutakichunguza, tuone kama kinaweza kutengenezwa..."

"Sikuja unitengenezee, mwanangu." Atuganile aligeuza kasha, akaweka kidole juu ya stika yenye nyota tano. "Hapa pameandikwa S. Mwakatobe. Nimekaa ndani ya gari kwa saa tano nije nikuulize swali moja tu. Ulipima nini?"

*

Walikifungua mchana huo huo. Ipyana aliondoa skrubu nne, akainua mfuniko, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hamna betri," alisema.

"Tazama chini ya ubao wa saketi."

"Nimetazama. Suba, hamna betri humu. Haijawahi kuwamo."

Subilaga aliketi. Ikiwa hamna betri, basi zile sekunde ishirini zisizo na umeme hazikunaswa na kitu chochote. Zilitungwa. Nyota tano za kustahimili kukatika kwa umeme alikuwa amezitoa kwa hadithi.

Alivuta faili la miaka miwili iliyopita, lenye mwandiko wake mwenyewe. *Picha: haigandi kamwe. 5.* Wakati ule aliandika kwa furaha. Nyanda za juu minara ya zamani ilikuwa imeng'olewa, na matangazo yote yalitoka kwenye maputo matatu yaliyoelea juu ya milima. Wingu likishuka, mawimbi yanakatika, na kila runinga inajaa vijiraba, vipande vya picha iliyovunjika. Tunza peke yake haikukatika. Watu walisema ina sikio la popo. Yeye aliipima maabara, ambako mawimbi huja kwa waya, safi, kiangazi na masika. Hakuwahi kuipima ndani ya wingu.

"Tunatengeneza wingu," alimwambia Ipyana.

Iliwachukua siku mbili. Ipyana, ambaye kicheko chake kilisikika mpaka barabarani, alikaa mbele ya kamera akasoma sentensi mia sita zilizoandikwa kwa ajili hiyo: majina, idadi, ndiyo na hapana. Kisha Subilaga aliyarusha matangazo hayo kupitia kisanduku cha kupunguza mawimbi, akiyakata nusu sekunde hapa, sekunde mbili pale, kama wingu linavyofanya. Vinasa vyote kumi na vinne vilirekodi. Kumi na vitatu viligandisha picha, vikarusha vijiraba, vikanyamaza. Mtu angevitukana. Tunza ilitoa Ipyana mzima, kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho.

Walikaa na karatasi, wakalinganisha neno kwa neno. Palipokuwa na pengo, mashine ilikuwa imetazama kilichotangulia na kilichofuata, ikakisia kulingana na maelfu ya saa za vipindi ilizofundishwa, ikachora mdomo na kutunga sauti. Mara nyingi ilipatia. Kwenye sentensi arobaini na moja ilikosea.

Kwenye sentensi ya mia mbili na tatu Ipyana aliomba wasimame. Karatasi ilisema: *Sijakubali kuuza shamba la mama yangu.* Kwenye runinga Ipyana, kwa uso wake na sauti yake, alisema: "Nimekubali kuuza shamba la mama yangu." Halafu akacheka. Kicheko kilikuwa chake kabisa.

"Mimi sikucheka pale," alisema Ipyana kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Mke wangu akiona hii, ataamini. Mimi mwenyewe naanza kuamini."

*

Mkurugenzi Hobokela Kasebele aliisoma ripoti akiwa amesimama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa kijiji cha ukungu, akatembea saa mbili kwenda shule ambayo masika haikuwa na mwalimu, na kila aliyefanya kazi chini yake aliijua habari hiyo.

"Unataka kuipa nyota ngapi?"

"Moja."

"Ukiipa moja, Ijumaa ijayo zinazimwa zote. Laki tatu." Aligeuka. "Subilaga, kuna shule kumi na saba kule ambazo barabara zake sasa hivi ni tope. Zina walimu wawili wawili. Masomo yote yanapitia Tunza, kwa sababu ndiyo pekee inayopenya. Mtihani wa darasa la saba ni baada ya wiki saba. Umewafikiria?"

"Sijafikiria kingine tangu juzi, mkurugenzi."

"Basi weka tatu. Chini yake uandike onyo: huenda baadhi ya maneno yasilingane na matangazo."

"Nani anasoma maandishi madogo? Muuguzi aliye na mtoto anayetetemeka mkononi?"

Mkurugenzi aliifungua fomu, akapitisha kalamu juu yake. "Safu nane. Picha, sauti, urahisi, nafasi, umeme, na hizo nyingine. Hakuna safu ya ukweli. Unataka kuongeza ya tisa ili uhukumu kosa ulilolipitisha wewe mwenyewe. Bodi itauliza nani alitoa tano. Unajua hilo?"

"Najua."

"Nipe jibu lako Ijumaa. Si leo. Leo una hasira."

Subilaga kweli alikuwa na hasira, nyingi zikiwa juu yake mwenyewe. Akampigia simu mhandisi mkuu wa Tunza. Kijana huyo alikuwa mpole, na hakukana lolote.

"Ule ujazaji wa mapengo," Subilaga alimuuliza, "unaweza kuzimwa?"

"Naweza kuuzima sasa hivi nikiwa hapa nilipo, dada."

"Basi uzime. Acha pengo lionekane."

"Tukiuzima, tutaganda kama wengine wote. Nani atatununua? Watu hawataki mashimo. Tuliwauliza. Asilimia tisini na sita walisema wanataka kipindi kizima."

"Mliwaambia mnakitoa wapi?"

Mhandisi alisema atalifikisha suala hilo kwa wakubwa, na Subilaga akaelewa kwamba lisingefika.

*

Alhamisi alipanda Itebwe na gari la maabara, Atuganile akiwa kando yake akimwonyesha palipo na utelezi. Alibeba kanda halisi za masomo arobaini, alizoziomba kwenye kituo cha matangazo. Mwalimu Lugano Mwambusi aliwapokea mlangoni pa darasa. Alikuwa mrefu, mwenye koti lililofungwa kwa pini. Nyuma yake watoto zaidi ya mia walikuwa wamekaa sakafuni wakitazama somo la hesabu, kimya, mikono magotini.

"Muuguzi amenieleza," alisema. "Mnataka kumzima."

Alisema *kumzima*, kama mtu. Subilaga alilisikia.

"Nataka kwanza tulinganishe, mwalimu. Wewe na mimi."

Walikaa ofisini mchana kutwa, runinga mbili ubavu kwa ubavu, ya kanda halisi na ya kinasa cha shule. Mvua ilipiga bati hadi wakawa wanasoma midomo. Katika masomo arobaini walikuta makosa tisa. Mto uliohamishiwa mkoa mwingine. Saba mara nane, hamsini na nne. Namna ya kumlaza mtu aliyezimia, kinyume kabisa na inavyopaswa.

Mwalimu Lugano aliandika kila moja kwenye daftari. Alipofika kwenye saba mara nane alisimama, akaenda mlangoni, akamwita msichana wa mbele.

"Tumpe, saba mara nane?"

"Hamsini na nne!" Msichana alijibu hata kabla mwalimu hajamaliza.

Mwalimu alirudi akakaa.

"Tisa katika arobaini," alisema baadaye. "Dada Subilaga, nikiwa na homa mimi nafanya makosa zaidi ya hayo. Huwezi kunizima mimi. Na ukimwondoa huyu nabaki mimi na mwenzangu kwa watoto mia moja na ishirini, masika nzima, darasa la kwanza hadi la saba."

"Nalijua hilo. Sina jibu lake."

Atuganile, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kiti cha mlangoni, aliinua kichwa. "Mwalimu, ukikosea wewe, hutokea nini?"

Lugano alifikiri. "Wananinyooshea mkono. Yule Tumpe hasa. Hunifedhehesha kila wiki."

"Na yeye?" Alielekeza kidevu darasani, sauti ya mashine ilikokuwa ikiendelea.

Kupitia mlango uliokuwa wazi waliwaona watoto mia wakiitazama picha isiyoganda, na hakuna hata mkono mmoja uliokuwa juu.

Alipowasindikiza garini Lugano alisema, "Sikwambii ufanye nini. Kazi ni yako. Lakini ukimzima, usinitumie barua. Njoo mwenyewe, usimame mbele yao."

"Nitakuja."

*

Ijumaa asubuhi Subilaga alichukua rula, akapiga mstari kwenye fomu, safu ya tisa. Juu yake aliandika *Uaminifu: je, kilichonaswa ndicho kilichorushwa?* Akaweka alama kwa vinasa vyote kumi na vinne. Kumi na vitatu, pamoja na vile vibovu, vilipata tano, kwa kuwa vilipokosa mawimbi vilionyesha kwamba vimekosa. Tunza ilipata sifuri. Aliandika kwamba sifuri kwenye safu hiyo inafuta nyingine zote.

Kisha alichukua karatasi ya pili, ambayo haikuombwa na mtu. *Mimi, Subilaga Mwakatobe, natengua nyota tano nilizozitoa miaka miwili iliyopita. Nilipima uzuri wa picha. Sikupima kama ni kweli. Muuguzi wa Itebwe hakusikia vibaya.* Akasaini.

Mkurugenzi alizisoma zote mbili. Aliisaini ya kwanza, kalamu ikikwaruza. Akaivuta ya pili, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ikienda kwa bodi, watakusimamisha. Ile ya kwanza inatosha."

"Haitoshi kwa mama Atuganile. Baraza la wauguzi linataka kujua nani aliyekosea."

Hobokela aliitazama tena. "Sisi masika hatukuwa na mwalimu," alisema, kisha akaacha, akasaini, akagonga muhuri.

Simu zilianza saa sita. Wengine walilia, wengi walitukana. Mzee mmoja alisema amehifadhi humo harusi ya mjukuu wake, iliyorushwa hewani, na sasa anaambiwa huenda bibi harusi hakusema aliyoyasema. Subilaga alijibu kila simu kwa jina lake. Jumatatu bodi ilimsimamisha miezi mitatu kwa kutoa nyota zisizostahili. Jumatano alisimama mbele ya baraza la wauguzi akaeleza kipimo cha wingu, na Ipyana akawaonyesha sentensi ya mia mbili na tatu. Hakuna aliyecheka. Alasiri hiyo Atuganile alirudishiwa kazi. Hakushangilia, alitoka barazani akaenda moja kwa moja wodini. Ambakisye alikuwa ameanza kushika kichwa, lakini mkono wa kushoto ulikuwa bado haujui kazi yake, na mama yake alipomwona Subilaga mlangoni alimgeuzia mgongo. Subilaga alisimama hapo kidogo, akaondoka bila kuomba kitu.

Siku ya saba ilimkuta Itebwe. Gari la maabara halikuwa lake tena. Alikuwa ameshuka kwenye lori la viazi na kumalizia kwa miguu. Darasa lilikuwa limejaa. Somo la sayansi lilikuwa likiendelea, mwalimu wa kwenye runinga akieleza mzunguko wa maji huku nje maji yenyewe yakimiminika. Subilaga alisimama pembeni mwa runinga na kuwaambia watoto kitakachotokea na kwa nini. Alitumia maneno machache. Alisema pia nani alikosea.

Saa sita kamili picha ilizimika.

Watoto walingoja iwake. Mdogo mmoja alianza kulia. Mwalimu Lugano alitoka nyuma ya darasa taratibu, akapita katikati yao, akafika mbele. Subilaga alidhani anataka kusema neno. Badala yake alitoa chaki mfukoni mwa koti, akamnyooshea.

"Nimesikia una miezi mitatu," alisema. "Darasa la sita na la saba. Mimi nitachukua wadogo."

"Mimi si mwalimu."

"Ndiyo. Na mimi si wawili."

Akaipokea. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alifuta ubao kwa kiganja, akaandika saba mara nane, akageuka. Walianzia hapo. Ilichukua saa nzima ya ubishi na mbegu za maharage mpaka Tumpe akakubali kwamba ni hamsini na sita, tena kwa kinyongo, baada ya kuzihesabu mwenyewe mara mbili.

Mvua ilipolegea kidogo, sauti za vyura zilipanda kutoka mabondeni. Tumpe alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini vyura hupiga kelele zaidi mvua ikikaribia? Wanaijuaje?"

Subilaga alifungua mdomo. Jibu lilikuwa karibu, jibu zuri, lenye maneno kama unyevu na mgandamizo wa hewa, na lingekaa sawa kabisa masikioni mwao. Hakuwa na hakika nalo.

"Sijui," alisema.

Watoto walitazamana. "Hujui?" aliuliza Tumpe.

"Sijui. Nitauliza, nitatafuta, nikipata nitakwambia nimepata wapi."

Aligeukia ubao, akaliandika swali lote kwa herufi kubwa, na chini yake akaacha nafasi tupu, pana ya kutosha.

"Haya," alisema. "Nani mwingine?"

Mikono mitatu ilikuwa juu.